Titi moja limeshuka, jingine bado liko juu: ungoje, ulisaidie au ufanyiwe upasuaji tena?

Wiki ya tano baada ya upasuaji wake wa kuongeza matiti, mdogo wangu alinipigia simu usiku, sauti inamtetemeka. Nilipofika nilimkuta chumbani amesimama mbele ya kioo, blauzi ameivua, futikamba mkononi. "Dada, pima wewe. Mimi nimepima mara tatu, kila mara naona vibaya." Nikapima kutoka kwenye chuchu hadi kwenye mkunjo wa chini ya titi. Kushoto sentimita 8. Kulia 6 na nusu. Hata bila futikamba ilionekana wazi. Titi la kushoto lilikuwa limeshakaa, limejaa kwa chini, chuchu inatazama mbele. La kulia lilikuwa limepanda kuelekea kwenye mtulinga, limetuna kwa juu kana kwamba kuna ngumi ndani yake, na chuchu imeinama inatazama sakafu. Alikuwa ameshaamua: kesho yake angemwomba daktari amfungue tena upande wa kulia, alishushe.

Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodi ya upasuaji kwa miaka mingi, na ndiye niliyekuwa nikimbadilishia bandeji. Nilimwomba kitu kimoja: tuandike namba hizi mbili, tupime tena baada ya wiki nne, tuone ipi imesogea. Alilia kidogo, akakubali. Niliyomweleza usiku ule ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu najua kuna wengine wamesimama mbele ya kioo kama kile na njia zilizo mbele yao ni zile zile tatu: kungoja, kulisaidia titi lililochelewa, au kurudi kwenye meza ya upasuaji.

Kwanza, kwa nini hayashuki pamoja

Kipandikizi, yaani kile kitu kilichojaa silikoni au maji ya chumvi kinachoongeza titi, hakiwekwi hewani. Daktari hukitengenezea mfuko, ama juu ya msuli mkubwa wa kifua (yaani kati ya msuli na tezi za maziwa), ama chini ya msuli huo. Wengi siku hizi huwekewa chini, au nusu kwa nusu, ambapo sehemu ya juu ya kipandikizi hufunikwa na msuli na sehemu ya chini hufunikwa na titi lenyewe. Msuli ule umezoea kulala bapa juu ya mbavu. Ukiwekewa kitu chini yake ghafla, unajikaza, na ukijikaza unakisukuma kipandikizi juu. Ongeza uvimbe wa kidonda na ngozi ya chini ambayo haijawahi kutanuka kiasi hicho, ndipo unapata lile titi gumu la juu ambalo karibu kila mwanamke huamka nalo.

Kisha msuli unaanza kulegea. Uvimbe unapungua, ngozi ya chini inatanuka, kipandikizi kinateremka taratibu na titi linapata umbo lake. Kwa aliyewekewa juu ya msuli, kazi hii mara nyingi huchukua wiki kadhaa hadi miezi mitatu hivi. Kwa aliyewekewa chini ya msuli, hesabu miezi mitatu hadi sita, na kwa mwenye msuli mnene, ngozi iliyokaza au kipandikizi kikubwa, umbo la mwisho linaweza kuchukua hata mwaka.

Lakini mwili hauna misuli miwili iliyo sawa. Mwenye kutumia mkono wa kulia huwa na msuli wa kulia uliozoea kazi, na madaktari wengi huona upande huo ndio unaochelewa. Upande mmoja unaweza kuvuja damu kidogo zaidi ndani na kuvimba zaidi. Mbavu za upande mmoja zinaweza kuwa zimetokeza kuliko za upande wa pili. Na kubwa kuliko yote: matiti ya wanawake wengi hayakuwa sawa hata kabla ya upasuaji. Mkunjo mmoja uko juu ya mwenzake, chuchu moja iko chini kidogo, titi moja ni pana. Kipandikizi hakifuti tofauti hizo. Wakati mwingine huzikuza, kwa sababu sasa kuna ujazo wa kuzionyesha.

Kwa hiyo tofauti ya wiki ya tano, hata ikiwa kubwa ya kukutia hofu, peke yake haikwambii kitu. Mimi huuliza inaelekea wapi.

Titi lililo juu na titi lililo chini si tatizo moja

Hapa naomba msomaji atulie nami, maana ndipo watu wengi wanapokosea. Kioo kinakuonyesha matiti yasiyolingana. Hakikwambii ni lipi lenye hitilafu. Macho hukimbilia lile lililo juu, kwa sababu ndilo linaloonekana la ajabu, na pengine lililo juu ni zima kabisa, limechelewa tu. Pengine mgonjwa ni yule wa chini, anayeonekana mzuri leo kwa sababu yuko njiani kushuka kupita kiasi.

Namna ya kuyatofautisha ni hii. Titi lililochelewa limetuna kwa juu, chini ni bapa au pamekaza, chuchu imeinama, na umbali wa kutoka kwenye chuchu hadi kwenye mkunjo ni mfupi. Ukiligusa bila kulibonyeza unasikia ugumu wa msuli. Wiki zikipita, umbali ule unaongezeka na juu panapungua. Titi linaloshuka mno lina sura ya kinyume: juu pameanza kuwa patupu, chuchu imeinuka na kutazama juu, na umbali wa kutoka kwenye chuchu hadi kwenye mkunjo unarefuka kila mwezi bila kusimama. Ishara ninayoiamini kuliko zote ni kovu. Ikiwa ulipasuliwa kwenye mkunjo, kovu linatakiwa kukaa mle mkunjoni au karibu sana napo. Ukiona kovu limepanda likawa juu ya titi lenyewe, kana kwamba limehama, halikuhama. Kipandikizi ndicho kilichoteremka chini yake.

Kuna aina nyingine za kuhama zinazochanganywa na hizi. Kipandikizi kinaweza kukimbilia kwapani, ukilala chali titi linaangukia upande. Vinaweza pia kukaribiana katikati ya kifua hadi ile njia ya kati ikapotea. Na kama umewekewa vipandikizi vyenye umbo la tone, kimoja kinaweza kugeuka ndani ya mfuko, titi likaonekana limepinda wakati urefu wake ni sawa na wa mwenzake. Cha mviringo kikigeuka hakuna anayejua, kwa kuwa ni kile kile kila upande.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu uamuzi unageuka kabisa. Titi lililo juu hungojewa. Titi linaloshuka mno halingojewi vivyo hivyo, maana ngozi na nyama zilizotanuka hazirudi zenyewe. Kila mwezi unaongeza kazi ya daktari atakayekuja kuushona mfuko ule. Mwenye titi la juu, subira ni matibabu. Kwa yule wa pili, muda unakwenda kinyume naye.

Kungoja na kurudi mezani, uso kwa uso

Chukua yule mwenye titi la juu, wiki ya tano, hana homa, hana maumivu yanayozidi, titi halijavimba ghafla. Akingoja, atalipa kwa muda na kwa mashaka. Mashaka hayo si madogo, nimeyaona. Mdogo wangu aliacha kuvaa nguo za kubana, aliacha kwenda kwenye sherehe, alijiangalia mara kumi kwa siku. Lakini mwilini halipi kitu. Hakuna kisu kipya, hakuna nusukaputi, kovu linaendelea kukomaa, na uwezekano wa titi kushuka lenyewe ni mkubwa.

Akifanyiwa upasuaji tena mapema, analipa mara mbili. Kwanza hatari za kawaida za upasuaji wowote zinaanza upya: dawa ya usingizi, damu kuvilia ndani, maambukizi, kidonda kuchelewa kupona. Kila mfuko unapofunguliwa, kuna nafasi mpya ya ganda la kovu, lile ambalo mwili hujenga kuzunguka kipandikizi, kukaza hapo baadaye. Pili, na hili ndilo lisilosemwa vya kutosha, daktari atakuwa anapima shabaha inayotembea. Tuseme anaufungua mfuko kwa chini ili kipandikizi kishuke leo. Kesho kutwa uvimbe unakwisha, msuli unalegea kama ambavyo ungelegea tu, na kipandikizi kinaendelea kushuka hadi kinapita mwenzake. Sasa una tofauti ya upande wa pili, na hiyo ndiyo ile mbaya zaidi, isiyoponywa na subira. Ndiyo maana madaktari wengi makini hukataa kugusa tofauti ya urefu kabla ya miezi sita, na wengine hutaka mwaka. Mgonjwa huona kama anazungushwa. Mara nyingi anaokolewa.

Ila kungoja ninakokusema si kukaa kimya. Kungoja bila kumbukumbu ni mateso matupu, kwa kuwa kichwa hakikumbuki titi lilivyokuwa mwezi jana. Kinakumbuka hofu tu. Kila wiki mbili piga picha tatu: mbele, upande wa kulia, upande wa kushoto. Simama pale pale, mwanga ule ule, mikono imeteremka, simu iwe kwenye urefu wa kifua wala si juu ya kichwa. Pima kwa futikamba laini mara moja kwa mwezi, kutoka kwenye chuchu hadi kwenye mkunjo, kwa mguso mwepesi, na usianze hadi kidonda kiwe kimefunga. Andika tarehe. Ukienda kliniki nenda na karatasi hiyo. Daktari aliyeona picha sita zilizopangwa kwa tarehe ataamua vizuri kuliko yule aliyeambiwa "naona halijashuka."

Kutoka kwenye namba hizo unasoma hivi. Upande uliochelewa unaongezeka kidogo kidogo na ule ulioshuka umesimama: ngoja kwa amani. Upande uliochelewa umeganda kabisa kwa miezi miwili au mitatu na titi linazidi kuwa gumu: usingoje hadi miadi ya mwisho, omba kuonwa. Upande ulioshuka ndio unaorefuka: nenda wiki hiyo hiyo, hata kama kila mtu anakwambia uwe na subira.

Njia ya katikati: masaji, mkanda na sidiria

Hii ndiyo inayovutia wengi, kwa sababu humpa mtu kitu cha kufanya. Nami siipuuzi, lakini ina masharti.

Masaji, yaani kukisukuma kipandikizi chini na ndani kwa kiganja mara kadhaa kwa siku, hufundishwa na baadhi ya madaktari kwa wenye vipandikizi vya mviringo vyenye uso laini. Wazo ni kuuweka mfuko wazi ili kipandikizi kipate pa kushukia. Wengine hawaifundishi kabisa, na ushahidi kwamba inazuia ganda la kovu kukaza ni haba. Kwa mwenye vipandikizi vya umbo la tone au vyenye uso wa kukwaruza, masaji haifai. Vile hutakiwa kushikana na nyama na kukaa palepale. Kama hujui una aina gani, tafuta ile kadi uliyopewa siku ya upasuaji yenye jina la kipandikizi, aina, ujazo na namba yake. Kama hukupewa, idai. Ni haki yako, na utaihitaji miaka kumi ijayo.

Mkanda ni ule wa lastiki unaofungwa juu ya matiti, chini ya kwapa, ili uvisukume vipandikizi chini. Unasaidia hasa matiti yote mawili yakiwa juu. Tatizo ni kwa mtu kama mdogo wangu: mkanda ulionyooka hukandamiza matiti yote mawili, na lile ambalo limeshafika mahali pake nalo linasukumwa. Nimewahi kumwona mgonjwa aliyefunga mkanda kwa wiki sita kwa ushauri wa rafiki. Titi la juu lilishuka, na la chini likashuka zaidi, tofauti ikabaki vile vile ila matiti yote yakiwa chini. Ikiwa daktari wako anakubali mkanda, muulize aonyeshe kwa mkono wake namna ya kuufunga mshazari, uelemee upande ulio juu peke yake, kwa saa ngapi na hadi lini. Asipokuonyesha, usifunge.

Sidiria ina kazi mbili zinazopingana na inabidi ujue unataka ipi. Ile ya michezo inayobana huzuia uvimbe na kushikilia, ni nzuri wiki za mwanzo. Kwa titi linaloelekea kushuka mno, sidiria yenye kushikilia vizuri kwa chini, hata usiku, ndiyo msaada pekee wa nyumbani wenye maana. Ya waya iache kwa wiki sita hivi au hadi uambiwe, maana waya hukaa juu ya kovu.

Mazoezi ya kifua, kusukuma vitu vizito, kujiinua kwa mikono: ahirisha wiki sita pia, au zaidi kama ndivyo ulivyoelekezwa. Msuli unaoutaka ulegee huwezi kuufanyisha kazi wakati huo huo.

Nikilinganisha njia hii na mbili zile, naiweka kama msindikizaji wa kungoja. Peke yake haishushi titi ambalo ganda lake limeshakaza, na hairudishi juu lililoshuka.

Pale ambapo hakuna cha kulinganisha

Kuna tofauti za matiti ambazo si suala la kuchagua. Titi moja likivimba haraka ndani ya saa au siku chache, likakaza, likauma kuliko mwenzake, likawa na rangi ya michubuko, hiyo yaweza kuwa damu inayovilia ndani. Hutokea zaidi siku za mwanzo baada ya upasuaji. Nenda hospitali muda huo huo, hata usiku wa manane. Hapo kurudi chumba cha upasuaji upesi ndiyo njia salama.

Homa, joto kwenye titi moja, usaha au majimaji kutoka kwenye mshono, maumivu yanayozidi badala ya kupungua: maambukizi, usiku huo huo. Vitabu husema "wekundu", lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi. Weka mgongo wa kiganja juu ya titi moja kisha jingine. Ngozi iliyo moto zaidi, inayong'aa, iliyokaza au iliyokoza rangi kuliko ya upande wa pili inatosha kukupeleka. Usiache kwenda kwa sababu hukuona wekundu.

Na kama kipandikizi chako ni cha maji ya chumvi na titi likaanza kunywea ndani ya siku chache, kimepasuka au kinavuja. Maji yenyewe mwili huyanyonya bila madhara, ila kipandikizi kinahitaji kubadilishwa au kutolewa. Cha silikoni kikipasuka mara nyingi hakitoi ishara yoyote, na ndiyo sababu Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) inashauri wenye silikoni, hata wasio na dalili, wapimwe kwa ultrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka 2 hadi 3.

Hili la miaka linanileta kwenye jambo jingine. Haya yote ya kungoja ni ya mwaka wa kwanza. Titi lililokuwa sawa miaka mitatu likivimba peke yake leo, usiliite "linatulia". Majimaji yanayojitokeza zaidi ya mwaka mmoja baada ya upasuaji yanatakiwa kuvutwa kwa sindano na kupelekwa maabara, kwa sababu kuna limfoma adimu (aina ya saratani ya chembe za kinga) inayoota kwenye ganda la kovu kuzunguka kipandikizi. Imehusishwa hasa na vile vyenye uso wa kukwaruza. Julai 2019, kwa ombi la FDA, kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya BIOCELL, vyenye uso huo, kwa sababu hiyo. Mwenye navyo asiye na dalili yoyote hakushauriwa kukimbilia kuvitoa. Alishauriwa kujijua na kujiangalia.

Miezi sita imepita na bado hayalingani

Sasa ulinganisho unabadilika, na kungoja kunapoteza nguvu yake. Kitu cha kwanza ni kujua kama titi la juu ni gumu. Mwili hujenga ganda jembamba la kovu kuzunguka kila kipandikizi, na hilo ni la kawaida. Likikaza linakibana, kinapanda na kuwa mviringo kama mpira. Madaktari hulipima kwa madaraja manne ya Baker: daraja la 1 titi ni laini, la 2 ni gumu kidogo lakini sura ni nzuri, la 3 ni gumu na sura imeharibika, la 4 ni gumu, limepinda na linauma. La 1 na la 2 mara nyingi huachwa. La 3 na la 4 ndiyo yanayopelekwa mezani, na hapo daktari hulifungua ganda au huliondoa lote, mara nyingi akibadilisha kipandikizi na pengine kukihamisha kutoka juu ya msuli kwenda chini.

Titi la juu likiwa laini, ila mfuko wake ulichimbwa juu mno tangu mwanzo, kazi ni ndogo: kuufungua kwa chini kwa kipimo. Lililoshuka mno ni kazi ngumu kuliko zote hizi. Mfuko hushonwa upya kwa ndani, mkunjo hutengenezwa pale unapotakiwa kuwa, na nyama zikiwa zimekonda huongezewa wavu wa kushikilia. Kama kipandikizi ni kizito kuliko ngozi inavyoweza kubeba, kuushona mfuko bila kukipunguza kipandikizi ni kujitafutia upasuaji wa tatu. Hapa nasema wazi maoni yangu: mwanamke anayefanyiwa marekebisho kwa sababu ya kushuka na daktari akamwambia vipandikizi vidogo vitadumu zaidi, amsikilize. Najua ni neno gumu kwa aliyetamani ukubwa ule.

Ipo pia njia ya kuacha. Tofauti ya nusu sentimita ambayo huioni ukiwa umevaa, kwenye titi laini lisilouma, haistahili nusukaputi. Kabla ya kukubali marekebisho yoyote omba picha zako za kabla ya upasuaji wa kwanza, uziweke kando ya za leo. Nimeona wanawake wakinyamaza ghafla wakizitazama.

Siku ya kuonana na daktari, maswali ninayoyathamini ni machache. Ni titi lipi lenye hitilafu, la juu au la chini, na umejuaje? Vipandikizi vyangu viko juu au chini ya msuli? Tukingoja miezi mitatu zaidi, nini kinaweza kuwa kibaya? Ukinifungua, utagusa upande mmoja au wote, na kwa nini? Gharama ya marekebisho ni ya nani, na imeandikwa wapi? Daktari anayejibu la kwanza bila kukugusa wala kukupima, tafuta wa pili. Mdogo wangu katika wiki ya sita alimwona mmoja aliyemtazama akiwa amesimama mlangoni, akamwambia anaweza kumpangia upasuaji Jumatatu. Hakuuliza hata tarehe ya upasuaji wa kwanza. Alirudi nyumbani na furaha, mimi sikulala.

Hakwenda Jumatatu ile. Wiki ya tisa tulipima: kushoto 8, kulia 7. Mwezi wa nne, kushoto 8, kulia 7 na nusu, na kwa mara ya kwanza chuchu ya kulia ilikuwa inatazama mbele. Mwezi wa sita kushoto palikuwa 8 kamili, kulia 7.7, na pameganda hapo. Akaniuliza hizo milimita tatu zimebaki wapi. Nikafungua picha aliyopigwa asubuhi ya upasuaji, alama za kalamu ya zambarau zikiwa kifuani, nikamwonyesha mstari wa mkunjo wa kulia. Ulikuwa juu kidogo ya wa kushoto, na daktari alikuwa ameuandikia namba pembeni yake.